Wageni wa Julai: namna ya kupokea vijana wa kujitolea kutoka ng'ambo bila kikundi kula hasara

Barua pepe huja Oktoba au Novemba. Shule fulani ya Uingereza, au kampuni ya safari ya Marekani, ina vijana 12 wa miaka 16 na 17 ambao wangependa "kusaidia" kwa wiki mbili mwezi wa Julai. Kikundi cha mtaani, kiwe Mathare, Kawangware au Mukuru, husoma neno hilo kusaidia na papo hapo huanza kuhesabu madarasa mapya. Makosa mengi ya Julai huzaliwa siku hiyo ya Novemba.

Kijana ambaye kwao hajawahi kuchanganya simiti hataijua kwa sababu tu amevuka bahari. Piga hesabu ndogo. Tiketi ya ndege kutoka Marekani Julai, tuseme dola 1,300, kwa dola moja kwa shilingi 129 ni shilingi 167,700. Mtu wa mjengo akilipwa 700 kwa siku, nauli ya kijana mmoja ingelipa karibu siku 240 za kazi. Kwa hiyo kama shabaha ni ukuta, mwambieni atume nauli abaki nyumbani. Thamani ya safari iko kwingine: kijana huyo hujifunza mambo ambayo shule yake haiwezi kumfundisha, vijana wenu wa rika lake hujifunza naye, na ada anayolipa huweza kumpa fundi wa mtaa kazi ya wiki mbili. Anayefaidika zaidi ni mgeni. Kikundi kikilielewa hilo mapema, hukaa mezani kama mwalimu anayetaja ada yake, si kama mwombaji.

Mwongozo huu ni wa vikundi, shule na maktaba za mtaa Nairobi zinazofikiria kupokea kundi la namna hiyo.

Kabla ya kujibu ndiyo

Muulizeni mwandishi wa barua maswali matano, na mtake majibu kwa maandishi. Kila mzazi analipa kiasi gani, na katika hicho kinachofika kwenu ni kiasi gani? Nani anasafiri na vijana, na kila mtu mzima anachunga vijana wangapi? Bima inalipia kulazwa Nairobi na kurudishwa nyumbani kwa ndege? Vijana wamechaguliwa vipi? Na je, programu hiyo huwapeleka watoto wa ng'ambo kwenye makao ya watoto?

Swali la kwanza huwakera madalali wa safari, ndiyo maana ni zuri. Kampuni ya kati hulipia matangazo, ofisi, hoteli na siku tatu za Maasai Mara kabla ya kukumbuka kikundi. Si wizi, ni biashara. Ila wazazi huambiwa kwamba fedha zinakwenda "kwa jamii", na jamii inayosemwa ni ninyi. Kama hawataki kutaja kiasi, basi hicho kiasi ni kidogo.

Swali la mwisho lisipite hivi hivi. Serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto Novemba 2017, na mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudi kwenye familia. Watoto wengi wanaoitwa mayatima katika makao wana mzazi au jamaa aliye hai. Kilichowatenga na nyumbani mara nyingi ni karo na chakula. Pale ambapo wageni hulipa ili kukaa na watoto, mwenye makao hupata sababu ya kuwazuia watoto wasirudi kwao. Australia iliitaja biashara hiyo ya watoto wa makao katika mjadala wa sheria yake ya utumwa wa kisasa ya 2018. Isitoshe, mtoto wa miaka mitatu anayebebwa wiki mbili na mtu mpya, kisha mtu huyo akatoweka, akaja mwingine Agosti, hujifunza kwamba kila anayempenda huondoka. Mkiona mtoto anamkimbilia na kumkumbatia mgeni asiyemjua hata jina, msiseme ni mchangamfu. Ni dalili. Kundi linalotaka kubeba watoto wachanga likataliwe, hata likileta fedha kiasi gani.

Tarehe

Vijana wa kaskazini ya dunia huwa huru kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Agosti. Kwetu Julai ni muhula wa pili, watoto wako darasani na walimu wanahesabu siku za mitihani. Mgeni anayepewa darasa la nne alifundishe Hisabati mwezi huo anaiba vipindi. Mwalimu naye atabaki na kazi ya kurudia. Wiki bora ni zile za mwanzo wa likizo ya Agosti, ambapo vijana wenu pia wako nyumbani na madarasa yako wazi. Kama lazima iwe Julai, kazi na wanafunzi ianze saa kumi jioni au Jumamosi.

Epukeni kupanga safari ya katikati ya mji tarehe 25 Juni na 7 Julai, yaani Saba Saba. Tarehe 25 Juni 2024, na siku zote mbili mwaka wa 2025, zilikuja na maandamano, na mwaka huo wa 2025 barabara za kuingia mjini zilifungwa. Siku kama hizo wekeni kazi ya ndani, karibu na mahali wanapolala, na chakula kiwe kimenunuliwa jana yake.

Baridi ya Julai nayo huwashangaza. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 10 au 12. Vijana hufika na kaptula na fulana wakidhani Afrika yote ni jua kali, kisha siku ya tatu wote wana mafua. Waandikieni mapema: sweta moja nzito, koti la mvua, viatu vilivyofungwa. Na mafuta ya kukinga jua pia, kwa sababu katika mwinuko huu ngozi huungua hata mawingu yakitanda.

Karatasi

Wageni wengi huingia kwa idhini ya usafiri ya mtandaoni, eTA, iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024. Kila msafiri huomba yake, mtoto pia. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kijana kuandika "utalii" kisha kushinda wiki mbili na shati lililoandikwa "mtu wa kujitolea". Kujitolea bila malipo bado huweza kuhesabiwa kuwa kazi katika sheria ya uhamiaji ya 2011. Miezi mitatu kabla, kikundi kipeleke barua Idara ya Uhamiaji, Nyayo House, ikieleza hasa wageni watafanya nini, na kiulize kama wanahitaji pasi maalumu, yaani kibali cha kazi cha muda mfupi. Jibu liwe la maandishi. Mwenyeji aliyesajiliwa ndiye anayeomba pasi hiyo, kwa hiyo cheti chenu cha usajili kiwe hai. Kama kiliisha muda miaka miwili iliyopita, anzeni hapo.

Faili ya kila kijana iwe na nakala ya pasipoti, barua ya ridhaa iliyotiwa saini na wazazi wote wawili au mlezi wa kisheria, namba mbili za simu za nyumbani, karatasi ya bima, orodha ya dawa anazotumia na vyakula vinavyomdhuru. Kijana mwenye mzio wa njugu yuko hatarini kuliko mnavyodhani: njugu karanga ziko kwenye mboga, kwenye uji na mikononi mwa mpishi. Mpishi aambiwe jina na uso.

Watu wazima wanaoandamana nao walete cheti cha polisi cha nchi yao. Watu wazima wa upande wenu, dereva na mpishi wakiwemo, wawe na Cheti cha Tabia Njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ambacho huombwa kupitia eCitizen kwa shilingi 1,050. Vikundi vingi huwachuja wageni na kusahau wenyeji, au huwachuja wenyeji na kumwamini mzungu kwa sura yake. Yote mawili ni kosa moja.

Chifu na balozi wa Nyumba Kumi wapashwe habari wiki mbili kabla, kwa barua fupi yenye tarehe na idadi ya watu. Hamwombi ruhusa, mnazuia uvumi. Basi lenye sura ngeni likisimama mtaani siku kumi mfululizo bila maelezo, siku ya pili kuna mtu atasema watoto wanasajiliwa kupelekwa majuu, na siku ya tatu kuna foleni ya wazazi langoni.

Bajeti, hadi shilingi ya mwisho

Hapa ndipo vikundi huumia, kwa sababu ya aibu ya kudai fedha kwa mgeni. Tuchukue vijana 12 wa ng'ambo, watu wazima watatu wanaowaleta, na vijana 12 wenyeji wa rika lao. Ongeza fundi mmoja na wasimamizi wawili wa kikundi: jumla watu 30, siku kumi za kazi. Malazi ya wageni na usalama wa usiku viko juu ya shule yao.

Chakula cha mchana kwa 350 kila mtu ni 105,000. Maji ya kunywa, lita mbili kwa kichwa, ni lita 60 kwa siku, yaani mitungi mitatu ya lita 20. Kwa siku kumi mitungi 30, na kwa 200 kila mmoja ni 6,000. Basi dogo kwa 12,000 kwa siku ni 120,000. Matatu ya abiria 14 haitoshi wageni 15, na kuwabana ni kumpa trafiki sababu ya kuwasimamisha. Fundi kwa 1,500 kwa siku ni 15,000, wasimamizi wawili kwa kiasi hicho hicho ni 30,000. Nauli ya vijana wenyeji, 200 kwa siku, ni 24,000. Vifaa vya kazi 60,000. Sanduku la huduma ya kwanza, sabuni, karatasi za choo, 8,000. Jumla ni 368,000. Ongeza asilimia kumi ya dharura, 36,800, inakuwa 404,800. Gawanya kwa vijana 12 wanaolipa: karibu shilingi 33,700, takriban dola 260 kila mmoja. Bei zenu zitapanda au kushuka kulingana na mtaa, lakini mistari ya hesabu ni hiyo hiyo, na hakuna hata mmoja wa kufutwa.

Mstari ambao wageni hujaribu kuufuta ni ule wa vijana wenyeji: chakula na nauli zao. "Si wao wanasaidiwa?" Hapana. Ni wenzao wa kazi, watafsiri, na walinzi wa mlango wa mtaa. Bila wao hii ni ziara ya kutazama watu.

Nusu ya fedha iingie akaunti ya kikundi siku 60 kabla, iliyobaki siku 14 kabla. Ipite benki au Paybill ya kikundi, kamwe si M-Pesa ya mwenyekiti. Tukiwa wakweli, vikundi vingi vilivyovunjika baada ya wageni havikuvunjwa na wageni. Vilivunjwa na simu ya mwenyekiti.

Kazi ipi, na ifanywe vipi

Kipimo ni kimoja: je, kazi hii ungempa kijana wa miaka 16 kutoka Buruburu, asiye na mafunzo, bila wasiwasi? Kama ungesita kumpa wa Buruburu, usimpe wa Boston. Kipimo hicho huondoa kushika darasa peke yake, kupima wagonjwa damu, kutoa ushauri nasaha kwa mtoto aliyedhulumiwa, na kupanda juu ya mabati. Huacha maktaba, kitalu cha miche, rangi, michezo, mazoezi ya kusoma kwa sauti wawili wawili chini ya mwalimu, na kuchambua taka kando ya mto kwa glavu na buti.

Maktaba ndiyo inayolipa zaidi. Vitabu 900 vilivyorundikwa kwenye maboksi ni kazi ambayo walimu huiahirisha mwaka baada ya mwaka. Wapangeni wawili wawili, mgeni na mwenyeji. Mmoja anasoma jina la kitabu, mwandishi na darasa. Mwingine anaandika kwenye kaunta buku nene yenye mistari, kila kitabu na namba yake. Kisha muhuri ukurasa wa kwanza, na karatasi ya namba mgongoni, sentimita tatu kutoka chini, ifunikwe kwa seloteipu pana. Jozi iliyozoea humaliza vitabu 25 kwa saa. Jozi sita ni 150, kwa hiyo 900 vinakwisha kwa saa sita. Gawanyeni siku mbili, kwa sababu baada ya saa tatu namba huanza kurukwa.

Kinachoharibika hapa ni tamaa ya kompyuta. Kijana mmoja mwerevu atajitolea kutengeneza orodha kwenye kompyuta yake, kisha siku ya kumi kompyuta inapanda ndege pamoja naye. Daftari kwanza. Mkitaka ya kompyuta, ichapwe kwenye mashine itakayobaki, na anayejua kuifungua awe mwenyeji.

Rangi nayo ina hesabu yake. Darasa la mita 8 kwa 6, urefu wa ukuta mita 2.7, lina mita za mraba 75.6 za ukuta. Ondoa milango na madirisha, zinabaki kama 63. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili ni lita 12.6, na ukihesabu inayodondoka, 14. Ndoo moja ya lita 20 inatosha na kubakiza ya kurekebishia. Fundi akwangue, azibe nyufa na kupiga msasa siku mbili kabla ya wageni kufika. Rangi ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi ndani yake, na vumbi lake ni sumu kwa ubongo unaokua, kwa hiyo mtu wa chini ya miaka 18 asiguse kazi ya kukwangua, mwenyeji au mgeni. Fundi mwenyewe avae barakoa na alowanishe ukuta kwanza.

Baada ya hapo, siku ya kwanza mkono wa chini, ambao ni rangi ya msingi na haumo kwenye hesabu ile ya lita, ya pili mkono wa kwanza, ya tatu mkono wa pili. Msijaribu kupiga mikono miwili siku moja Julai: ukungu wa asubuhi hauondoki hadi saa nne, ukuta unabaki na unyevu, na rangi huanza kuinuka kama ngozi ya maziwa kabla ya Krismasi. Chumba kimoja hakibebi wapaka rangi zaidi ya wanane. Wengine wote wawe maktaba. Mkiwaweka 24 humo, mtapaka sakafu.

Neno la fundi ni la mwisho. Lisemwe siku ya kwanza mbele ya wote, kwamba huyu ndiye mwalimu, na akisema rudia, mnarudia. Kuna aibu ya kimyakimya ambapo fundi huona ukuta wa mgeni umepinda, hasemi kitu, na usiku anarudi kuurekebisha. Kijana anaondoka akiamini amejenga. Hajafunzwa kitu, na fundi hajalipwa kwa saa za usiku.

Asubuhi hadi jioni

Basi liondoke kabla ya saa kumi na mbili na nusu, la sivyo Thika Road au Jogoo Road itawapotezea muda wa saa mbili. Chai na mandazi saa nne. Kazi hadi saa saba. Chakula cha pamoja, wageni na wenyeji wakichanganyika, si meza mbili. Alasiri ni zamu ya wenyeji kufundisha: kupika chapati, wimbo, jinsi ya kuulizia bei Gikomba. Somo la Kiswahili la nusu saa kila siku linatosha, na lianze na shikamoo, pole, samahani na hapana. Hilo la mwisho wanalihitaji kwa wauza vinyago.

Jioni, kabla ya basi, dakika 30 za mazungumzo kwa duara. Swali lisiwe "mmejisikiaje", litaleta machozi na maneno matamu. Muulizeni kila mmoja ataje kitu kimoja alichokosea leo na aliyemsahihisha. Siku ya nne au ya tano itatokea ile kauli, "hawana kitu lakini wana furaha sana." Msiipitishe kwa heshima ya mgeni. Mpeni mwenzake mwenyeji nafasi ajibu anakosa nini hasa, kodi ya nyumba ni kiasi gani, na alilala saa ngapi. Mazungumzo hayo ya dakika kumi huwa ndiyo safari yenyewe.

Wenyeji nao wapate kitu cha kushika. Tuzo ya Rais, ambayo ni tawi la Kenya la tuzo ya kimataifa ya Duke of Edinburgh, huwapokea vijana wa miaka 14 hadi 24, na saa za huduma kwa jamii huhesabiwa ndani yake. Wageni wengi huja na fomu za namna hiyo za shule zao. Haifai wapigiwe muhuri wao tu. Na mkipiga muhuri, andikeni saa halisi. Kijana aliyefanya saa 40 asipewe 100 ili apendeze chuo kikuu.

Picha, zawadi na ahadi

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto, na picha ni data. Mwaka 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Si mgeni atakayetozwa; yeye ataondoka. Simu zote ziingie kwenye kikapu wakati wa kazi na watoto. Mtu mmoja wa kikundi apige picha, za wale tu ambao karatasi zao za ridhaa ziko kwenye faili, na bila jina la shule likionekana kwenye sare.

Hakuna mtu mzima wala kijana wa ng'ambo anayebaki peke yake na mtoto, hata kumsindikiza chooni. Wakipita mtaani, wawe sita kwa kundi, na mwenyeji anayelipwa akiwa mbele. Hawaingii nyumba ya mtu kuona "wanavyoishi". Tatizo lolote la usalama wa mtoto lina namba yake, 116, ni bure, na iandikwe ukutani mahali mtoto anapoweza kuisoma.

Masanduku ya nguo kuukuu, kalamu na peremende yakataliwe kwenye barua ya kwanza kabisa. Nguo kuukuu tunazo, Gikomba inafurika. Vitabu vya mtaala wa nje havisomwi, na kompyuta kumi kwenye begi moja ni mazungumzo marefu na forodha pale JKIA. Wakitaka kununua kitu, wanunue Nairobi, na mwenyeji ataje orodha: kuanzia maduka ya vitabu hadi wale wa inama, wauza vitabu vilivyotumika wanaotandaza kando ya barabara.

Ahadi ndizo hubaki kama mwiba. Kijana wa miaka 17, moyo umejaa, anamwambia msichana wa gredi ya tisa, "nitakulipia karo." Anamaanisha kweli. Hana mapato, wazazi wake hawajaulizwa, na Oktoba ameshasahau; yule msichana anasubiri hadi Januari. Kanuni iwe kavu: hakuna ahadi, hakuna kubadilishana namba na walio chini ya miaka 18, na anayetaka kutoa anaambiwa arudi nyumbani, akae miezi mitatu, kisha aandike kwa kikundi. Mzazi wa mtaani naye aambiwe kanuni hiyo hiyo, mapema, kwa Kiswahili, kwa sababu naye ana barua ya maombi mfukoni.

Afya

Nairobi yenyewe malaria ni nadra, lakini kundi likishuka Mombasa au kwenda Mara litahitaji dawa ya kinga, na daktari wao wa nyumbani ndiye wa kuiandika. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano aje na cheti chake.

Tumbo ndilo litakalowapata, kwa kawaida siku ya tatu. Sababu si chakula cha mama ntilie pekee kama wanavyodhani, ni mikono pia, na juisi iliyokorogwa na maji ya bomba. Ndoo mbili zenye bomba na sabuni langoni, na hakuna anayekula bila kunawa. Maji ya chumvi na sukari yawe tayari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi isizidi. Homa ya zaidi ya siku moja, damu chooni, au kushindwa kunywa, ni hospitali, si dawa ya duka. Ambulensi ya Msalaba Mwekundu ni 1199, dharura ya jumla ni 999 au 112. Kijana asiyelala na anayelia usiku si lazima awe mgonjwa. Mpeni simu aongee na nyumbani dakika kumi kwa saa maalumu. Akipewa simu siku nzima, mwili utakuwa Nairobi na kichwa kwao.

Wakishaondoka

Siku tatu baada ya basi la mwisho, kaeni na vijana wenyeji bila mgeni yeyote na muulize nani aliudhiwa, nani aliahidiwa, nani alipigwa picha. Majibu mengine hayatoki hadi wageni wawe angani. Ndani ya siku 30, tumeni hesabu ya kila shilingi kwa shule ya ng'ambo, risiti zikiwa zimeambatanishwa, hata kama hawajaomba. Miezi sita baadaye nendeni maktaba mhesabu vitabu vilivyoazimwa kwenye daftari. Daftari likiwa tupu, kosa si la wageni: hakuna aliyepewa ufunguo na saa za kufungua.

Kundi la mwaka unaofuata lijibiwe kabla ya mwisho wa Novemba, maana tiketi za Julai hupanda bei kadiri mnavyochelewa. Kwenye barua hiyo tajeni bei mpya, wiki mnazotaka ninyi, na jina la fundi atakayewafundisha.